Mnara wa simu hatua 34 kutoka darasa la pili: tuogope mionzi, au kuna kingine cha kuogopa?

MkuyuMkavu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule, shule ya msingi ya serikali. Wilaya sitaitaja kwa sababu mwalimu mkuu wetu ni mtu mwema na sitaki aitwe ofisini kwa maneno yangu.

Watoto walipofunga shule, nyuma ya darasa la pili palikuwa na shamba la mihogo la mzee jirani yetu. Walipofungua, mihogo hakuna, kuna mnara. Zege, uzio wa mabati wenye seng'enge juu, mnara wa chuma na taa nyekundu kileleni. Nimepima kwa miguu yangu kutoka ukuta wa darasa hadi uzio: hatua 34. Hatukuitwa kwenye kikao chochote. Mtendaji anasema tangazo lilibandikwa ofisini kwake. Nikaenda kuangalia ubao. Nimekuta tangazo la chanjo ya mbwa na la mtu aliyepoteza cheti cha darasa la saba. La mnara sikuliona.

Sasa wazazi tumegawanyika. Mama mmoja keshamhamisha mwanawe kwenda shule ya ng'ambo ya barabara. Wengine wanasema watoto wanarudi na kichwa kinauma tangu mnara uwashwe. Kwenye grupu la WhatsApp kuna sauti ya dakika saba ya "daktari" asiyejitaja jina, anasema mnara unakausha uboho wa mtoto. Mzee mwenye eneo naye anatuambia tuna wivu na pango lake.

Maswali yangu: mionzi ya mnara inadhuru watoto kweli? Umbali unaotakiwa ni upi? Na nani wa kupima? Mwanangu wa mwisho yuko hilo darasa, dawati la pili kutoka dirishani, kwa hiyo mniwie radhi nikiuliza kwa jazba.

NyukiMkali
Uzi huu umeutuma kwa njiwa au kwa mnara huo huo?

MkuyuMkavu
Kwa mnara huo huo mkuu, na mtandao unateleza kama mlenda. Zamani ilibidi nipande kichuguu nyuma ya choo kutuma meseji. Ndiyo maana nachanganyikiwa.

MamaPacha
Usidanganywe na wanaosema hakuna kitu. Hispania, mji wa Valladolid, watoto kadhaa wa shule moja walipata saratani, wengi wao saratani ya damu, na jengo la jirani lilikuwa limejaa antena za simu juu. Mwishoni mwa 2001 jaji akaamuru zizimwe. Juzi juzi tena, 2019, Marekani, mji wa Ripon kule California: watoto wanne wa shule moja ya msingi, saratani, na mnara ulikuwa uwanjani humo humo. Wazazi walipiga kelele hadi ukazimwa. Hao wote ni wajinga? Mimi mwanangu nisingemwacha hapo hata siku moja. Mtoto hana wa akiba.

PandaNgazi
Mleta mada, nimepanda minara miaka tisa, ya mita 30 hadi 70, mikoa mingi tu. Nikueleze ninavyoijua.

Pale juu kuna vitu vya aina mbili. Yale maboksi marefu membamba kama mlango wa kabati ndiyo antena zinazoongea na simu zenu. Halafu kuna zile ngoma nyeupe za duara. Kila kijiji nilichofika watu wanaogopa ngoma, kwa sababu ya umbo lake. Kumbe ngoma inaongea na ngoma ya mnara mwingine tu, kwa mstari mwembamba ulionyooka unaopita juu ya mapaa na miembe. Aliye chini haimhusu.

Hizo antena zimegawanywa pande tatu, kila upande unahudumia theluthi ya duara. Hazimwagi mawimbi chini yake. Angalia taa ya bodaboda usiku: mwanga unaangukia mbele huko, chini ya tairi kuna giza. Antena iliyo mita 40 juu huinamishwa nyuzi chache tu, kwa hiyo mwali wake mkuu unagusa ardhi mbali, mara nyingi mita mia kadhaa. Darasa lako la hatua 34 liko chini ya tairi. Yule mama aliyemhamisha mwanawe ng'ambo ya barabara huenda kampeleka penye mwanga zaidi. Simtishi, maana hata penye mwanga ni kidogo mno, na nitaonyesha.

Mwenye kalamu anifuate. Chukua antena inayolishwa wati 40. Kwa kuwa inakusanya nguvu zake upande mmoja, aliye mbele yake anaiona kama chanzo cha wati 2,000 hivi kinachosambaza pande zote. Simama mita 100, katikati kabisa ya mwali. Gawanya 2,000 kwa eneo la tufe la umbali huo, mita za mraba kama 125,600. Unapata wati 0.016 kwa mita ya mraba. Ukomo kwa raia uliowekwa na ICNIRP, ile tume ya kimataifa inayopanga viwango hivi, kwenye masafa ya megahezi 900 ni wati 4.5 kwa mita ya mraba. Uko asilimia 0.35 ya ukomo, bila ukuta, bila bati. Weka antena kumi zikuelekee wewe peke yako, hujafika asilimia 4. Shirika la Afya Duniani lilipokusanya vipimo vya nchi mbalimbali, taarifa yao ya 2006, walisema maeneo ya watu karibu na minara yako kati ya asilimia 0.002 na 2 ya ukomo. Hesabu yangu ya kwenye ganda la sigara haiko mbali nao.

Kwa hiyo swali lako la umbali: ukomo huu hauhesabiwi kwa mita, unahesabiwa kwa nguvu inayomfikia mtu. Hatari ipo, ila iko juu, mita chache mbele ya uso wa antena. Sisi tukitaka kupita hapo tunapiga simu izimwe kwanza. Huko nguvu inazidi kiwango na mwili unapashwa joto. Mtoto wa darasa la pili hafiki huko labda aruke uzio na kupanda ngazi, na hilo ndilo mngeliuliza: uzio una kufuli? Ngazi ina kizuizi?

NyukiMkali
Kwa hiyo aliye hatarini ni wewe mkuu 😂

PandaNgazi
Ndiyo, ila mimi nalipwa. Kidogo.

MlaChapati
Fundi kasema vizuri, ila asisahau kwamba ukomo wenyewe si Msahafu. Nimesoma Pune, nilikuwepo 2012. India walichukua kiwango hicho hicho cha ICNIRP wakakigawanya kwa kumi kuanzia Septemba 1 mwaka huo. Novemba, Mahakama Kuu ya Rajasthan ikaamuru minara iondolewe kwenye shule, hospitali, viwanja vya michezo na magereza. Nakumbuka mjadala hosteli, wahandisi wanacheka, wa sheria wanashangilia. Nchi ya watu zaidi ya bilioni imechagua tahadhari. Sisi kwa nini tuambiwe tunyamaze?

PandaNgazi
Sijamwambia mtu anyamaze. Ila piga hesabu kwa kiwango chako cha India: 4.5 gawanya kwa kumi ni 0.45. Zile antena zangu kumi zinatoa 0.16. Bado uko chini kwa karibu mara tatu.

DadaWaZamu
Nimesoma uzi wote. Mimi ni mteknolojia wa mionzi, ninashinda chumba cha eksirei, kwa hiyo nina mawili matatu.

La kwanza ni lugha. Kiswahili kimetuponza hapa. Neno moja, mionzi, tumelibebesha eksirei, jua la mchana, bomu la Hiroshima na redio ya mezani. Mtu akisikia mnara una mionzi anaona Hiroshima. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu na kuharibu DNA, ndiyo maana mimi navaa aproni ya risasi na mjamzito tunamuuliza kwanza. Wimbi la simu halina nguvu hiyo. Ukiongeza minara unaongeza joto tu, wimbi linabaki la aina ile ile. Kokoto hata ukirusha debe zima haziwi risasi.

La pili, dada MamaPacha, watoto wa Valladolid waliugua kweli, na wa Ripon pia. Sitambeza mzazi hata mmoja. Lakini Valladolid wataalamu walipima wakakuta viwango viko chini sana ya ukomo, na Ripon nako vipimo vilikuwa ndani ya viwango vya Marekani. Antena zilizimwa kwa sababu ya hofu na presha ya wazazi. Chukua ungo, mwaga punje za choroko. Hazitajipanga sawasawa, kuna mahali zitarundikana tano na mahali patabaki wazi. Ukichora duara kuzunguka zile tano utaapa kuna kitu kimezivuta. Dunia ina shule nyingi mno na minara mingi mno, lazima marundo mengine yaangukie karibu na mnara.

Ndiyo maana watafiti hawaangalii shule moja. Uingereza walichukua watoto 1,397 wa chini ya miaka mitano waliopata saratani kati ya 1999 na 2001, wakawalinganisha na watoto 5,588 wasioumwa, wakatazama mama zao waliishi umbali gani na minara wakati wa ujauzito. Ilichapishwa 2010 kwenye jarida la BMJ. Hawakuona uhusiano.

La tatu, mtu atakuja hapa na ile ya 2011 kabla sijamaliza kuandika, basi niilete mwenyewe. Ni kweli IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, Mei 2011 waliyaweka mawimbi ya redio kundi la 2B, "huenda yanasababisha saratani". Sababu kubwa ilikuwa tafiti za watu waliobana simu sikioni kwa muda mrefu. Kundi hilo hilo limo kachumbari za kuvundika za Asia na dondoo ya jani zima la shubiri. Na mnajua aliyeko kundi la kwanza, lile la "inasababisha, hakuna ubishi"? Sumukuvu. Ile ya mahindi na karanga zilizoingia ukungu. 2016 Dodoma na Manyara watu karibu 20 walikufa kwa sumukuvu ndani ya miezi michache. Mleta mada, uji wa shule yenu unga wake unahifadhiwa wapi?

MkuyuMkavu
Dada umenigusa pabaya. Stoo ya uji sakafu ni ya udongo na magunia yanaegemea ukuta. Hilo nitaliwasilisha, lakini tusitoke kwenye mada.

MchunguziHuru
Endeleeni kulala. 5G ndiyo iliyoleta corona, wazungu wenyewe walichoma minara yao 2020. Watoto wetu ni majaribio. Amkeni!!!

NyukiMkali
Corona ilifika Tanzania Machi 2020. 5G ilizinduliwa hapa 2022. Hiyo corona ilikuja kwa miguu ikawa inaisubiri?

MchunguziHuru
Utafiti wako ni wa Google.

NyukiMkali
Na wako wa sauti ya dakika saba.

MpembaWaLeicester
Assalaam alaykum nyote. Miye niko Uingereza mwaka wa kumi na saba huu. Hapa vita hivi vilipiganwa zamani. Mwaka 2000 kamati ya Sir William Stewart iliandika ripoti, na walichosema kuhusu shule kilikuwa cha akili sana: hawakusema minara ikae mita kadhaa, walisema ule mwali mkali wa antena usiangukie sehemu yoyote ya uwanja wa shule mpaka shule na wazazi waridhie. Maana wao walishajua alichokieleza Fundi, kwamba aliye karibu si lazima ndiye anayepigwa zaidi. Baada ya hapo serikali ikaanza kupita mashuleni kupima na kutangaza matokeo.

Jambo lililonipendeza si vipimo, ni hilo neno waridhie. Watu wakiulizwa kabla, hata jibu la kitaalamu wanalisikia. Wakikuta zege limekauka, hata ukiwaletea Mtume hawasikii.

DadaWaZamu
Nakazia hapo. Halafu na hili la kichwa. Kuna watu wanaosema mnara ukiwashwa tu wanaumwa. Chuo Kikuu cha Essex walifanya jaribio, matokeo yakatoka 2007: mtu anakaa chumbani, antena inawashwa na kuzimwa bila yeye wala anayempima kujua. Hawakuweza kutambua imewashwa lini. Lakini maumivu yao yalikuwa ya kweli, jasho la kweli, na yalikuja pale walipoamini imewashwa. Kwa hiyo ukimwambia mtoto kila asubuhi "ule mnara utakuua", usishangae akirudi na kichwa.

ChakiNyeupe
Samahani, kuna kitu hakuna aliyekiuliza na mimi nimefundisha miaka sita shule yenye mnara jirani. Mleta mada, huo mnara una jenereta?

MkuyuMkavu
Lipo mwalimu. Umeme ukikatika linajiwasha lenyewe.

ChakiNyeupe
Bomba la moshi limeelekea wapi?

MkuyuMkavu
Sijaangalia. Kesho nitapita.

ChakiNyeupe
Nenda siku ambayo umeme hakuna. Ingia darasani ukae kwenye hilo dawati la mwanao dakika kumi. Pitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha. Halafu urudi hapa utuambie habari ya mionzi.

Shuleni kwangu tulipiga kelele ya mionzi mwaka mzima. Wakaja wataalamu na kifaa chao, wakapima, wakasema salama, wakaondoka, na sisi tukabaki na jenereta letu. Tulikuwa tumekufa na mionzi hadi tukasahau kuuliza moshi. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu kwa kupayuka kama dalali wa mnada. Watoto wa nyuma walikuwa wanasoma midomo.

PandaNgazi
Mwalimu kanipiku. Niseme ukweli wangu: miaka tisa sijawahi kuugua kwa antena. Kifua nimeugua mara mbili, na ni kwa kulala karibu na jenereta saiti.

DadaWaZamu
Nimeona aibu kwamba sikuuliza hilo mimi. Moshi wa dizeli IARC waliupandisha kundi la kwanza Juni 2012, kapu moja na sumukuvu na tumbaku. Huyo si "huenda". Na kabla ya kufika huko kwenye saratani, mtoto mwenye pumu anabanwa siku hiyo hiyo. Moshi ule una monoksidi ya kaboni, na dalili yake ya mwanzo kabisa ni kichwa kuuma. Mleta mada, ulisema watoto wanaumwa kichwa tangu lini vile?

MkuyuMkavu
Wakuu nimerudi. Leo umeme ulikatika saa tatu asubuhi, nikakimbia na bodaboda.

Madirisha ya darasa la pili hayana vioo, yana nondo na wavu wa kuku. Jenereta liko upande wa shule wa uzio. Bomba la moshi limetokeza juu ya bati, limepinda, na mdomo wake unatazama madirisha yale kana kwamba mtu alilenga. Nimepitisha kidole kwenye kizingiti kama mwalimu alivyosema. Kidole kilitoka cheusi kama nimeshika sufuria ya kuni. Wavu wa dirisha la kwanza mweusi, la pili mweusi kidogo, la nne mweupe. Mwalimu wa darasa ananiambia yeye alishawahamisha watoto wanaokohoa kwenda upande wa mlango, siku nyingi, na hakumwambia mtu kwa sababu alidhani kamati tunashughulikia "suala la mnara".

Nilikaa dawatini. Mwanangu alinitazama kwa aibu jinsi wanavyotazama wazazi wakija shuleni. Baada ya dakika kama nane macho yakaanza kuwasha. Mwalimu alikuwa anafundisha silabi, "nyu-mba", watoto wanaitikia, nami sikusikia zile nyu, nilisikia mba tu.

MlaChapati
Duh.

MamaPacha
Hata mimi nimesikia uchungu. Lakini mnara usingekuwepo jenereta lisingekuwepo. Kwa hiyo mnara ndio tatizo, msinigeuzie maneno.

ChakiNyeupe
Mama upo sahihi kabisa. Tofauti ni hii: ukienda na "mionzi" utajibiwa kwa karatasi yenye muhuri kwamba viwango viko salama, na kwa mujibu wa hesabu za hapo juu karatasi itakuwa inasema kweli. Ukienda na kidole cheusi hawana karatasi ya kukujibu.

MvuviWaKilifi
Jamani mwatusahau sisi wa upande wa pili wa mpaka. Huku kwetu twaiita busta. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 69 chaitaka serikali ihimize wananchi washirikishwe. Na yuko mahali pa kulalamika, Mahakama ya Mazingira. Kesi za busta zimefika huko si moja si mbili, na mara nyingi hoja yenye meno huwa ni moja tu: majirani waliulizwa au hawakuulizwa? Ndugu yangu MkuyuMkavu, hapo penye tangazo la chanjo ya mbwa ndipo penye kesi yako. Piga picha huo ubao kabla hawajabandika la pili.

PandaNgazi
Na huku utaratibu upo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira, na ndani yake majirani lazima wahojiwe. Omba kuona karatasi ya waliohojiwa. Nimewahi kuona saiti ambayo karatasi ina sahihi kumi na mbili na mwandiko mmoja. Malalamiko ya moshi na kelele yanakwenda NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kupima mawimbi ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, wana vifaa na maabara yao iko Njiro, Arusha, pia wana ofisi za kanda. Leseni za hao wenye mitandao ziko TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Barua tatu, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Na swali la mwisho ambalo mngeniuliza mimi: mnara una urefu gani?

MkuyuMkavu
Mlinzi ananiambia mita 45.

PandaNgazi
Hatua 34 za mtu mzima ni kama mita 25. Fanyeni hesabu wenyewe. Kwa kawaida mnara hauanguki wote kama mnazi, unajikunja katikati, lakini mimi ningedai kuona cheti cha uimara wa msingi, hasa kama zege lilimwagwa wakati wa mvua. Angalieni na waya wa kutuliza radi, kama ethi imezikwa sawasawa. Radi ikipiga hapo, inapiga hatua 34 kutoka kwa watoto.

NyukiMkali
Tulianza na uboho kukauka, sasa tuna moshi, kelele, zege, radi na unga wa uji. Hii shule jamani.

MkuyuMkavu
MREJESHO. Samahani kwa ukimya, wiki tatu hizi sikukaa.

Mwalimu wa darasa aliweka daftari. Siku za masomo 15, jenereta liliunguruma siku sita. Watoto waliolalamika kichwa au macho walikuwepo siku tano kati ya hizo sita. Siku tisa za umeme kuwepo, mtoto mmoja tu, na huyo alikuwa na malaria. DadaWaZamu kanionya inboksi kwamba daftari la wiki tatu si utafiti, na kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa anasikia jenereta kwa hiyo huenda aliuliza zaidi siku hizo. Nimeelewa. Lakini kikaoni lile daftari lilifanya kazi kuliko sauti ya dakika saba.

Kikao kilikuwa uwanjani chini ya mwarobaini. Alikuja mtu wa kampuni ya mnara na kishkwambi chake. Akaanza: "Ndugu wazazi, mionzi ya mnara wetu iko ndani ya viwango vya kimataifa." Amejiandaa vizuri, ana picha, ana grafu. Nikamwambia, mkuu hilo tumekubali, tumeshasomeshana. Sisi tumekuja na moshi. Akafunga kishkwambi. Mwalimu wa darasa akampitishia ule wavu wa dirisha la kwanza, tuliuvua siku ile asubuhi. Akaushika, akautazama mkono wake, akaomba maji ya kunawa.

Nao walikuwa na la kujitetea, nisiwe mchoyo: umeme wa kwetu ni wa kukatika, na bila jenereta zahanati isingeweza kupiga simu ya gari la wagonjwa. Ni kweli. Mwezi jana mjamzito aliwahishwa kwa simu hiyo. Mama wa yule mjamzito alikuwepo kikaoni, akasimama akasema mnara usiondoke. Tulibaki tunaangaliana. Mama aliyemhamisha mwanawe alitoka kabla ya kumaliza.

Tulichokubaliana: jenereta lihamishiwe upande wa pili wa uzio na bomba linyanyuliwe, betri ziongezwe ili lisiwake kila umeme unapokonyeza, wavu na vioo vya madarasa mawili wanagharamia wao. Cheti cha msingi wameahidi kutuletea nakala. Karatasi ya majirani tuliiona: majina tisa, na mawili kati yake ni ya marehemu. Hilo tumemwachia diwani, na barua ya TAEC imeondoka jana ili waje wapime, maana kuna wazazi hawatalala mpaka waone kifaa kwa macho yao, na ni haki yao.

Jenereta limehamishwa juzi. Hiyo wamefanya kweli.

ChakiNyeupe
Hongera sana. Bomba sasa limetazama wapi?

MkuyuMkavu
Ndipo penye kituko mwalimu. Upande wa pili wa uzio ni nyumba ya mzee mwenye eneo. Jana jioni kaja kwangu na fimbo yake, kaketi, kakataa hata maji. Anasema anaumwa kichwa. Anataka kamati ya shule imwandikie barua.

NyukiMkali
Mwambieni ana wivu.

MkuyuMkavu
Nimemwandikia. Anasaini kesho.